Kufuli la Siku ya Hesabu

Mlango wa stoo yangu ya mahindi unafungwa na kufuli dogo la zamani, lenye kutu pembeni, ambalo fundi yeyote angeniambia nilitupe. Mume wangu ameshaninunulia mapya zaidi ya mara moja, nami hayo mapya nimeyaweka kwenye banda la kuku. Hili la zamani siliachi. Kila Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne wanapoanza vituko vyao vya kujikinga na mtihani, mimi nalipaka mafuta ya cherehani lisije likagoma. Watu hunisifu kwamba nina moyo mpana kwa sababu sigombani na mtu. Wanachanganya ukimya na msamaha, na mimi sijawahi kuwasahihisha.

Vituko vyenyewe havijabadilika sana tangu sisi tukiwa wasichana. Siku ya mtihani huli yai, kwa sababu yai ni duara na duara ni sifuri. Hufagii chumba, usije ukayafagia na uliyoyasoma. Ukiitwa kwa nyuma hugeuki. Peni yako humwazimi mtu, hata awe ndugu yako wa tumbo moja, maana ataondoka na nyota yako. Watoto wa siku hizi wameongezea na ya kwenye simu, wanatumiana ujumbe wa baraka ambao eti ukiishia kwako unafeli. Nawafundisha hesabu, nawafundisha mpaka mada ya uwezekano na namna ya kuukokotoa, halafu asubuhi nawaona wanavuka kizingiti cha chumba cha mtihani kwa mguu wa kulia. Sicheki. Naijua kazi ambayo mambo haya yanaweza kufanya mikononi mwa mtu mwenye roho mbaya.

Kwetu ni upande wa Hanga, kijijini, ambako baba alilima mahindi na tumbaku. Nilipochaguliwa sekondari ya kutwa mjini Songea ilibidi nipange chumba, kama wanavyopanga mpaka leo watoto wengi wa vijijini. Nilikipata Lizaboni, uani kwa mama mmoja mjane. Mjane huyo aliishi nyumba kubwa na binti yake, na uani kulikuwa na vyumba viwili vya wapangaji. Kimoja kilikuwa changu, cha pili cha msichana wa Kiyao kutoka Nakapanya ambaye baba yake alikuwa na mikorosho. Sote watatu, yaani mimi, Myao wangu na binti wa mwenye nyumba, tulisoma darasa moja.

Mimi ni mashoto. Ugali nala kwa mkono wa kulia kwa sababu bibi yangu alinifundisha hivyo kwa mwiko, na simaanishi mwiko wa mila, namaanisha wa kusongea. Lakini kalamu ilikataa katakata kuhamia mkono wa kulia, na walimu wa shule ya msingi walipochoka kunichapa wakaniacha. Mkono huo wa kushoto ndio uliokuwa unajua hesabu. Nasema bila haya, kwa sababu ni kweli: darasani kwetu hapakuwa na aliyenifikia. Nilitaka kwenda kidato cha tano kusoma sayansi, kisha nisomee udaktari, na baba alikuwa ameshawatangazia watu wa kijiji kizima, mpaka wazee wengine wakaanza kunieleza maumivu yao ya mgongo nikirudi likizo.

Binti wa mwenye nyumba hakuwa mjinga, ila hesabu zilimtia woga. Jioni alikuwa anakuja chumbani kwangu nimwelekeze. Alikaa kwenye kitanda changu, akala dagaa wangu wa Nyasa, akanakili njia zangu, akaondoka na mkebe wangu na asiurudishe mpaka niufuate. Nayataja haya ili ijulikane kwamba hakuwa mtu wa mbali.

Jumapili ya kabla ya mitihani kulikuwa na Misa ya watahiniwa, na bado ipo. Kila mtahiniwa anafunga uzi wa rangi yake kwenye peni, peni zote zinawekwa kwenye ungo mbele ya altare, na padri anazinyunyizia maji ya baraka. Baada ya hapo mtu mmoja huzunguka na ungo akimpa kila mwenye peni peni yake. Mwaka wetu sista aliyesimamia aliniteua mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeongoza mtihani wa majaribio. Nikaushika ungo kwa mkono wa kulia, nikagawa kwa wa kushoto, kama inavyokuja kwa mtu wa mashoto. Wapo waliosita. Binti wa mwenye nyumba aliipokea ya kwake kwa ncha za vidole viwili, akaifuta kwenye sketi.

Siku ya kwanza ya mtihani peni ile ikakata wino katikati ya insha. Peni ya dukani, wino umekwisha, basi. Lakini yeye hakuwa na nyingine, na alipogeuka kuomba, hakuna aliyempa, kwa sababu siku ya mtihani peni haiazimwi. Wote walimtazama wakazikumbatia za kwao, na hata mimi sikuombwa. Alikaa hivyo, mikono mitupu, mpaka msimamizi alipotoka kumtafutia peni ofisini. Mtu mwenye akili angetoka pale akiwachukia wenzake, au walau akiuchukia ule mwiko. Yeye akatoka akiuchukia mkono wangu.

Kufikia jioni habari ilishakamilika. Nilipompa peni kwa mkono wa kushoto nilikuwa nimeikwapua nyota yake nikaiweka kwenye ya kwangu. Na si yeye tu: mwingine aliumwa tumbo chumba cha mtihani, mwingine alinyeshewa njiani, na wote walipokea kwangu. Waliopokea kwangu wakatoka salama hakuna aliyewataja. Akaja mlangoni kwangu wakati napika, hakuingia, akasimama nje ya kizingiti.

"Kesho kwenye hesabu usitutangulie njiani," aliniambia, "na usitufuate nyuma."

"Sasa nipite wapi? Angani?"

Nilicheka, naye hakucheka. Nilirudi kwenye sufuria yangu nikaendelea kukoroga, na sikulifikiria tena jambo lile. Ndiyo nilivyokuwa, sikuwa na macho ya kuona ubaya ukija.

Asubuhi nilioga mapema, nikarudi chumbani kupanga rula na mkebe. Kufuli langu lilikuwa linaning'inia kwenye komeo la nje, wazi, kama lilivyoning'inia kila asubuhi, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Nikasikia viatu uani, mtu akanong'ona, mtu akazuia kicheko. Halafu likalia lile jino la kufuli linapoingia mahali pake. Nilidhani ni mzaha, nikangoja wafungue. Viatu vikaenda zake.

Dirisha langu lilikuwa na nondo, tena lilitazama nyuma, kwenye migomba ya jirani, ambako saa ile hapakuwa na mtu. Nikaenda mlangoni. Kwenye uwazi wa chini ya mlango niliona mwanga, na nilimsikia mwenye nyumba anasugua sufuria kwa mchanga. Nikamwita. Nilimwambia hivi, nayakumbuka maneno yangu yote: "Mama, nimefungiwa kwa nje. Zunguka dirishani nikupe ufunguo."

Kusugua kukakoma. Nikashukuru Mungu, nikakimbilia dirishani, nikapitisha mkono kati ya nondo, ufunguo ukiwa kwenye vidole. Nikakaa hivyo nikimngoja atokee kwenye kona ya nyumba. Badala yake nikasikia redio. Ilikuwa inaimba kwaya kwa sauti ya kawaida, ikapanda, ikapanda tena, mpaka sauti yangu mwenyewe ikanipotea.

Sijui nililia muda gani. Niliupiga mlango teke mpaka kidole gumba kikapasuka kucha. Ufunguo ninao, kufuli ni langu mwenyewe, na mtihani wa hesabu ulikuwa unaanza bila mimi. Hakuna mtu ambaye nimewahi kumchukia kama nilivyomchukia mama yule mwenye redio, na ninapolisema hilo sisemi kwamba nilimchukia zamani.

Myao wangu alikuwa ametangulia shuleni peke yake, kwa sababu zake. Baba yake alikuwa amekuja kutoka Nakapanya na kombe, aya alizoandika shehe wao kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, naye akayanywa yale maji alfajiri. Sharti lilikuwa asifungue kinywa kwa mtu yeyote mpaka awe amesoma swali la kwanza. Binti wa mwenye nyumba na wenzake wakamkuta getini, wakasimulia walichofanya huku wanacheka, na yeye akasimama pale na maneno yamejaa mdomoni. Akaingia nayo chumba cha mtihani. Akakaa nayo wakati karatasi zinagawiwa. Aliposoma swali la kwanza tu akanyoosha mkono, akamwambia msimamizi kwamba mwenzake amefungiwa chumbani Lizaboni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuandika kwenye kiganja akamwonyesha mwalimu. Alisema haikumjia akilini, akalia, na mimi nikamwamini. Mpaka leo kila msimu wa korosho ananitumia mfuko kutoka Nakapanya bila kusema ni wa nini. Huyo nimemsamehe, ingawa ilinichukua muda, na naomba nisisifiwe kwa hilo pia.

Aliyetumwa ni mlinzi wa shule, kwa baiskeli. Yeye ndiye aliyezunguka nyuma akachukua ufunguo. Nilikimbia peku, viatu mkononi, lakini nilipofika nusu saa ya kuruhusiwa ilikuwa imeshapita na msimamizi akanizuia mlangoni. Alikuwa mgeni katika shule yetu, mtu mpole, na kunikatalia kulimwumiza, nilimwona. Alisema sheria si yake. Nikakaa kwenye baraza. Kupitia dirishani nilimwona binti wa mwenye nyumba ameinama anaandika, tena anaandika vizuri, kwa zile njia nilizomfundisha juu ya kitanda changu.

Wakubwa waliposhughulikia jambo lile walilishughulikia kama wanavyoshughulikia mambo ya wasichana. Mwenye nyumba aliapa kwamba aliona kufuli mlangoni akajua nimeshakwenda shule. Binti alilia, akasema alidhani jirani au mtu mwingine angenifungulia, ulikuwa utani. Ikasemwa tusameheane, mitihani bado inaendelea, tusivuruge akili za watahiniwa. Nikaambiwa nimpe mkono. Niliutoa wa kushoto, naye akaruka nyuma, na mimi ndiye niliyekemewa kwa kuanza upya ugomvi.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu masomo mengine yote, na kwenye hesabu hapakuwa na kitu. Kidato cha tano cha sayansi kikaenda zake na udaktari ukaondoka nacho. Baba hakunigombeza. Aliacha tu kuwaambia watu, na wale wazee wa mgongo wakaacha kunieleza maumivu yao, na hilo liliniuma kuliko kama angenichapa. Mwaka uliofuata nilirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana nililima na baba, jioni nilisoma hesabu, na nilizisoma kwa hasira, kila swali nikilitatua nilikuwa naona uso wa mtu. Nilipofaulu sikutaka tena kitu kingine zaidi ya hizo hesabu. Nilikwenda chuo cha ualimu, nikaongeza elimu polepole huku nafundisha, na siku moja nikapangiwa kurudi Songea kufundisha sekondari. Nilipopakua mizigo yangu, kufuli lilikuwamo.

Yule mama wa redio alifariki mwaka wa pili tangu nirudi. Nilikwenda msibani. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikawapa pole wafiwa, nikala wali na maharage, nikaomba niongezewe. Binti yake alinishukuru kwa kuja.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka kwa namna ambayo nisingeweza kuipanga. Katika miaka yangu ya kwanza shuleni kulikuwa na msichana aliyekuwa haoni kitu kwenye hesabu. Nilimfundisha mpaka sauti ikakauka. Asubuhi ya mtihani akanikuta njiani analia kwamba amesahau peni, nikampa ya kwangu, kwa mkono wangu. Akafaulu. Alifaulu kwa sababu alikaa na mimi kila jioni mwaka mzima, lakini yeye aliwaambia wenzake kuwa ni mkono. Mwaka uliofuata wakaja wengi, na wengi wakafaulu kwa sababu ile ile, na imani ikakua. Wakaupa jina, mkono wa madam. Kwenye Misa ya watahiniwa walimu wenzangu wakaanza kunipa mimi ungo, kwa kuwa watoto walikuwa wanakataa kupokea kwa mwingine. Hata mabinti wa Kiislamu, ambao wana dua yao, hunifuata nje wakiwa na peni zao nizishike kidogo.

Nilipaswa kuwaambia waache ujinga. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Lakini kila mtoto aliponinyooshea kiganja nilikuwa nasikia raha mbaya kifuani, na sikuwa tayari kuikosa. Waliokimbia mkono huu walikuwa wananiletea watoto wao.

Mmoja alikuwa ni yule binti wa mwenye nyumba mwenyewe. Aliolewa, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akanenepa, akawa mtu wa kukaa viti vya mbele kwenye mikutano ya wazazi. Tukikutana tunaamkiana vizuri tu, habari za siku, nzuri, za nyumbani, salama. Binti yake wa pekee aliingia shuleni kwetu akiwa kidato cha tatu. Nilitafuta kwa mtoto yule kitu cha kuchukia, sikukipata. Ana adabu, ana bidii, na anaziogopa hesabu kama mama yake. Alikuwa anabaki na mimi baada ya vipindi, na nilimfundisha sawasawa na wengine. Yeye hakunifungia mlango. Kufikia kidato cha nne alikuwa na uwezo wa kufaulu, iwapo tu hatatishika, maana akitishika huwa anasahau mpaka kujumlisha.

Ijumaa ya kabla ya Misa, mwaka huu, mama yake akaja ofisi ya walimu na jogoo mkononi. Tulikuwa wawili tu. Akaniamkia, akaniuliza habari za watoto, akasifu kazi yangu, akalizunguka jambo lake kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Mwishowe akalisema.

"Mwalimu, nina ombi dogo. Jumapili wakati wa kugawa kalamu, huyu wangu apewe na mwalimu mwingine."

Nikamuuliza kwa nini.

"Si unajua mwenyewe," akasema, na akacheka kidogo. "Mimi ile kalamu yangu sijaisahau mpaka leo."

Ile kalamu yake. Miaka yote hii, na katika siku zile kitu alichokibeba yeye ni peni iliyokata wino. Mlango haumo. Redio haimo. Alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yangu akinisamehe mimi, tena kwa jogoo. Ningeweza kumwambia palepale jinsi watoto wanavyougombania mkono huu, na kwamba binti yake alishaniuliza kama Jumapili nitakuwapo. Sikumwambia. Mama ambaye hamuulizi mtoto wake anaamini nini atajua siku yake ikifika.

"Sawa, mama," nikamjibu. "Nitafanya kama ulivyosema."

Akanishukuru sana. Jogoo tulimla Jumamosi, na alikuwa mtamu.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri akanyunyizia maji, nikachukua ungo, nikaanza kuzunguka. Watoto siku hizi wananinyooshea mkono wa kushoto pia, wameamua wenyewe kwamba ndivyo inavyofaa, wa kushoto kwa wa kushoto. Nikatoa peni moja baada ya nyingine. Nilipofika kwa binti yake, alikuwa ameshanyoosha mkono na macho ameyafumba. Peni yake ilikuwa na uzi wa kijani. Niliichukua, nikamgeukia mwalimu wa uraia aliyekuwa nyuma yangu, nikamkabidhi, yeye ndiye aliyempa, kwa mkono wa kulia.

Mtoto akafumbua macho. Akaitazama peni, akanitazama mimi.

"Mama yako ameomba usipokee kwangu," nikamwambia. Sikupaza sauti, ila safu ile walisikia, na ya nyuma yake.

Akageuka. Safu nzima ya watahiniwa ikageuka naye, kumtazama mama yake pale alipokaa na kitenge chake kipya. Nami nikageuka nikamwona mama anavyozitazama zile nyuso bila kuelewa, kisha akiona mikono yote ile ya kushoto imeshika peni, akaanza kuelewa. Mtoto nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma na nikaendelea kugawa.

Nilijua watakuja. Mchana nilikaa sebuleni nachambua maharage, na walipobisha hodi mume wangu aliona uso wangu akakumbuka ana safari ya kwenda kwa kinyozi. Mtoto alikuwa amevimba macho. Mama yake akaniambia kwamba hajala, kwamba amesema hatakwenda kwenye hesabu kwa kuwa ameshafeli tayari, kwamba hataki hata kuguswa na mama yake.

"Mpe, mwalimu," akasema. "Nakuomba umpe kwa mkono wako."

Nikawakaribisha wakae. Nikatoka nje, nikalifungua kufuli kwenye stoo, nikarudi nalo, nikaliweka mezani kati ya ungo wa maharage na mikono yake.

"Unalijua hili?"

Alilijua. Akasema yale yalikuwa mambo ya utoto, mwalimu, ni zamani sana. Nikamwambia basi amsimulie mtoto utoto huo ulivyokuwa, ili naye ajue. Mimi nikarudi kwenye maharage yangu, natoa mawe, naweka pembeni. Sikuwa na haraka. Mtihani wa hesabu ulikuwa ni wa mwanae, si wangu, na safari hii mwenye ufunguo ndiye aliyekuwa na nafasi ya kungoja. Mtoto alimtazama mama yake, akanitazama, akamtazama tena mama yake.

"Mama, ni nini?"

"Tulimfungia chumbani," akasema hatimaye, akilitazama kufuli.

"Nani?" nikauliza mimi.

"Mimi. Mimi ndiye niliyemfungia."

"Siku gani?"

"Siku ya hesabu."

"Na mama yako?"

Nilikuwa nimekaa na swali hilo tangu nikiwa na umri wa mtoto yule. Alikawia kulijibu mpaka nikadhani hatalijibu, nikawa tayari kuwaacha waondoke bila kitu, na naamini ningewaacha.

"Mama alijua," akasema. "Nilimwomba asifungue. Alisema ataweka redio."

Mtoto hakulia. Alivuta kiti chake nyuma kidogo, kile kilichokuwa karibu na cha mama yake, na akakaa hapo alipokivutia akimtazama kama mtu asiyemjua. Ule utazamaji ndio niliokuwa nautaka. Nilikuwa nimefikiria mengi katika maisha yangu ya kumfanyia mwanamke yule, mengine si ya kuandika, na hakuna hata moja lililofikia hilo.

Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikaomba peni. Mtoto akanipa ile yenye uzi wa kijani. Nikaishika kidogo, kisha nikampa, naye akapiga goti akaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia aanze na maswali anayoyajua, asikae kwenye moja muda mrefu, na aweke peni ya pili kwenye mkebe, kwa sababu peni huwa zinakata wino. Akaitikia, "Ndiyo, madam." Akainuka akatoka, akatangulia njiani peke yake bila kumngoja mtu.

Mama yake alibaki amesimama mlangoni anajifunga kitenge upya. Akaniuliza, sasa kwa sauti ya chini kabisa, kama nimemsamehe.

"Mtoto nimempa kalamu," nikamjibu.

Akangoja nimwongezee neno. Nilichukua kufuli langu mezani, nikampita pale mlangoni, nikaenda kufunga stoo.